Kikombe cha Simu cha Mama

Kilikuwa kinanguruma. Sijui niuandike vipi ule mlio ili na wewe uusikie: simu inatetemeka ndani ya kikombe cha bati, kikombe kinagonga ukuta wa udongo, na upawa uliotundikwa pembeni unaitikia kwa sauti nyembamba, kama mtu anayekubali jambo kabla hajaambiwa. Ukiwa zizini ulikuwa unausikia. Ukiwa katikati ya mahindi ulikuwa unausikia. Mbwa wetu alikuwa anainua sikio moja, na mama, popote alipo, alikuwa anasema neno lilelile, "Wameingia," huku akipangusa mikono kwenye kanga, kana kwamba kuna wageni wamepita mlangoni na wanatafuta pa kukaa.

Mwezi uliopita tumelibomoa lile jiko. Kaka yangu Emanueli amemjengea mama jiko la tofali za kuchoma, lina madirisha mawili na bomba la kutolea moshi, na mimi nilitoka Haydom, ninakouza chai na chapati karibu na stendi, nikaenda kusaidia kuhamisha vyombo. Nilimchukua na binti yangu Noela. Jesca, niliyesoma naye, naye alikuja. Siku hizi anaishi Singida, ameolewa huko, lakini aliposikia jiko linavunjwa alipanda basi na mtoto mgongoni mpaka kwetu chini ya mlima, upande wa Gitting. Vijana wanang'oa mabati, yeye amesimama penye lile dirisha la zamani, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akakiweka sikioni, akafumba macho. Mama akamwona, akacheka, akasema kichukueni nyie, yeye siku hizi mtandao unamfuata mpaka chooni. Tukatazamana na Jesca. Nilikuwa nimebeba sufuria tatu kichwani na nikasahau kuzitua, maana mwaka wote ule ulinijia kwa mara moja, mwaka wa kidato cha pili, na hadi leo nikiuwaza nabaki nashangaa tu, kama mtu anayeutazama mlima Hanang ukitoka ukunguni asubuhi. Ulikuwepo siku zote, lakini ukitokea hivyo lazima usimame.

Simu ile Emanueli aliituma kutoka Babati, kioo kimepasuka kona, na siku ya kwanza tu tukagundua kwamba kwetu mtandao unapatikana sehemu moja: dirisha la jikoni, usawa wa bega la mama, upande unaotazama barabara. Ukisogea kidogo, umekatika. Mama akapigilia msumari, akatundika kikombe kilichotoboka kitako, akaitia simu humo kioo kikichungulia nje, na ikawa imepata kwake. Hakuna aliyeruhusiwa kuitoa. Ukipigiwa unakuja jikoni, unasimama unaongea na ukuta kama mtu anayesali. Na kwa kuwa sikio haliingii kikombeni, kila kitu kilikuwa kwa sauti ya juu, na lile bati likaiongeza. Hivyo nyumba nzima tulimsikia mjomba akiomba kuazimwa dume la kulimia. Tulimsikia Emanueli akijikanyaga kumweleza mama kuhusu msichana fulani wa Babati, na baba, aliyekuwa anakunywa uji, akauliza kutoka kigodani kama huyo msichana anajua kukamua. Mama hakuwa na habari kwamba simu inaweza kuwa kitu cha siri. Kwake ilikuwa mdomo mwingine ndani ya nyumba. Kusoma alikuwa anasoma kwa tabu, akifika mwisho wa neno amesahau mwanzo wake, ila Emanueli alimfundisha kubonyeza ile alama ya kurekodi sauti, na akaona hiyo inamtosha. Maandishi niliyasoma mimi.

Likizo ya mwezi wa sita kiongozi wetu wa darasa akafungua grupu la kutumiana maswali, maana mtihani wa kidato cha pili ulikuwa mbele yetu. Namba zilizoingia zilikuwa za wazazi. Sisi simu tungetoa wapi? Tulikuwa tunaomba, tunaingia haraka haraka, tunaandika upuuzi wetu, tunarudisha. Tukasahau jambo ambalo sasa naliona wazi kabisa: grupu lile halikuwa la watoto hata siku moja. Lilikuwa linalala kwenye makoti ya baba zetu na kwenye vikapu vya mama zetu. Mwenye simu yake mwenyewe alikuwa Jesca peke yake. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, wakapewa nyumba karibu na barabara, yenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa rangi nyekundu. Alimpa Jesca simu ile, kubwa, yenye kava la kumeremeta, na sisi tulikuwa tunaishangaa kama vile ameshushiwa kutoka mbinguni.

Mimi ndoto yangu ilikuwa utangazaji. Nilikuwa na sauti ya kusikika na sikuwa na haya nayo. Siku ya kupukuchua mahindi ya mbegu Jesca alikuja kuazima kitabu, mama akamwambia akae, mtu hawezi kuja penye kazi akasimama. Basi tukakaa kwenye gunia, vidole vinawaka, na mimi, kama nilivyozoea, nikachukua gunzi nikaliweka mdomoni, nikaanza kutangaza. Nikasema mnasikiliza matangazo kutoka jikoni kwa Mama Emanueli. Ng'ombe mwekundu amegoma kukamuliwa na hadi tunakwenda mitamboni hajatoa sababu. Kuku wa jirani ameonekana kwenye maharage yetu na alipoulizwa alikimbia. Hali ya hewa: ukungu umeshuka kutoka mlimani tangu asubuhi, umeingia majumbani mwa watu na haujamwamkia mtu yeyote. Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Jesca alicheka pia. Alikuwa ameinua simu yake, nami nilidhani anajitazama nywele.

Video ile iliingia kwenye grupu siku chache baadaye, na ilikuja tayari imeandikwa juu yake: Redio Gunzi. Nilikuwa nimesimama dirishani mwenyewe nilipoiona. Gauni langu lililochanika kwapani, magunia, mama akiwa nyuma anacheka bila meno yake mawili ya mbele. Chini yake vicheko vya maandishi, vingi, vinamiminika. Nikasema moyoni ni utani, watachoka. Hawakuchoka. Wakatengeneza stika ya uso wangu wenye gunzi mdomoni, na kila mtu akiulizwa swali la Baiolojia anajibu kwa ile stika. Wakaandika kuhusu gauni. Wakaandika kwamba nyumba yetu inanuka samadi mpaka kwenye simu. Shule ilipofunguliwa, watoto wa vidato vingine, ambao hawakuwa hata kwenye grupu, walikuwa wananipita njiani wakisema "msikilizaji" kwa sauti ya puani, wanakimbia. Nikajifunza kutembea nyuma ya wenzangu. Nikajifunza kujibu mwalimu kwa kichwa.

Na jikoni kikombe kinanguruma. Mama anasema "Wameingia," ananiita niende nikasome. Ningemwambia nini? Nilisimama mbele ya dirisha nayatazama yale maneno, yeye anasubiri na mwiko mkononi, na mdomo wangu ukajisemea wenyewe kwamba ni wanafunzi wenzangu, wanakusalimia mama, wanasema shikamoo. Mama akafurahi sana. Akaugeukia ukuta, akasogeza uso karibu na kikombe, akasema, "Marahaba wanangu, marahaba." Halafu akarudi kwenye ugali wake akisema watoto wa siku hizi wanasingiziwa tu, mbona hawa wana adabu hivi, hawapitishi siku. Ikawa ndivyo ilivyo. Wao wanaandika kwamba mama yangu ana pengo la kupitishia gunzi, mimi nasoma shikamoo, mama anaitikia marahaba. Siku nyingine aliniambia niwaandikie kwamba ameitikia, ili wasije wakadhani anaringa. Nikajifanya naandika.

Ilifika mahali nikawa siongei kabisa. Mzee wa kanisa alikuwa ameshaniambia kwamba sikukuu ya mavuno mimi ndiye nitakayetangaza sadaka, kila familia imeleta nini, kazi niliyokuwa naitamani tangu nikiwa mdogo. Nikamwambia nina kikohozi. Nyumbani nilikula kimya, nikakamua kimya. Mama akaniuliza umekula nini kilichokuziba koo. Nikamwambia sitaki shule tena, nataka Emanueli anitafutie kazi za ndani huko Babati. Aliacha kuchambua maharage. Hakubishana. Akasema tutaongea baba akirudi mnadani, na nikaona mikono yake inayatoa mawe kwenye ungo pamoja na maharage mazima, inayatupa yote nje. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa.

Kilichovuruga mpango wangu ni uvivu wa watu. Walichoka kuandika, wakaanza kutuma sauti. Nilikuwa nimetoka mtoni, ndoo kichwani, nikasikia mngurumo, na kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti yangu inatoka jikoni. Si yangu, ni ya mvulana mmoja aliyekuwa anaiga, ukungu umeshuka, ukungu umeshuka, na nyuma yake wengine wanapiga kelele za mbuzi. Mama alikuwa amesimama dirishani, unga umemjaa mikononi. Alikuwa amebonyeza. Nikasimama pale na maji yananitiririka mgongoni, nikashindwa kuingia, nikashindwa kurudi. Ikaisha, akabonyeza nyingine. Akazisikiliza zote moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja, hata ile ya msichana aliyesema kwamba fundi mitambo wa Redio Gunzi ni mama yake, hajui kusoma, anabonyeza tu chochote kinachong'aa. Kikombe kilizisema zote vizuri, kwa sauti ya bati.

Zilipoisha akanigeukia. "Hawa ndio wanaonisalimia?"

Nikasema ndiyo mama. Ndoo ilikuwa bado kichwani.

"Tangu mwezi wa sita?"

"Tangu mwezi wa sita."

Nilidhani atalia, au atanipiga. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayepiga hesabu ya mbegu. Kisha akaja, akanitua ndoo, akanawa mikono, akajipangusa vizuri, akajifunga kanga upya kiunoni kama anavyofanya akisikia kuna mgeni wa heshima anakuja. Akarudi dirishani. Akabonyeza pale alipofundishwa na Emanueli, na akaongea na ukuta.

"Hamjambo wanangu. Mimi ni Mama Emanueli, mama yake Paskalina. Simu hii ni yangu. Kila siku naambiwa mnanisalimia, na mimi nimekuwa nikiwaitikia hapa jikoni peke yangu. Leo nimesikia sauti zenu kwa mara ya kwanza, na salamu sijaisikia. Labda mlisahau. Basi mimi nipo, nasubiri kuamkiwa."

Akaachia kidole. Akarudi kwenye kigoda chake, akaendelea na unga.

Nikuambie ukweli, nilitamani ardhi ipasuke. Niliona amenimaliza kabisa, kesho njia nzima watakuwa wanasema nasubiri kuamkiwa. Nikasikia kuni zinavyojipanga zenyewe motoni. Ungekuwa wewe ni mtu wa kwetu ungejua alichokifanya. Kwetu unaweza ukaiba mahindi, ukaachiwa njia ya kurudi. Lakini mtu mzima akisema yuko mbele yako na hujamwamkia, huwezi kumpita. Miguu inakataa. Tulifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kula na mkono wa kulia. Wale wenzangu walikuwa wamekaa miezi wakidhani wanamchezea mtu asiye na mama, na ghafla mama huyu hapa, amekaa katikati yao, anasubiri.

Kikombe kikanguruma.

Mama akainuka, akabonyeza. Ilikuwa sauti ya yule mvulana wa mbuzi, sasa ndogo kama ya mtoto wa chekechea. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akamjibu, amebonyeza. "Wewe ni mtoto wa nani?" Akataja. Mama akasema kumbe ni wa kwa Mama Dahaye, mwambie mama yako ile mbegu ya maharage aliyonipa imeota yote. Kikanguruma tena. Shikamoo mama. Marahaba, na wewe wa nani? Halafu tena. Halafu salamu mbili kwa pamoja, mpaka upawa ukadondoka kutoka ukutani. Na nyuma ya zile sauti nikaanza kuwasikia watu wengine. Kuku. Mtoto mchanga. Mwanamke akiuliza kwa mbali, unamwamkia nani na simu yangu, hebu lete hapa. Baba mmoja akaja mwenyewe hewani akikohoa, akasema yeye ni baba wa fulani, amesikia kuna salamu zinaendelea kwenye simu yake, naomba kuuliza kuna msiba? Mama akamjibu hakuna msiba, ni watoto tu wananisalimia, na wewe hujambo shemeji, asikilize ya nyuma ataelewa. Baadaye kidogo, kutoka kwenye nyumba ile ukaja ujumbe wa mtoto analia, anasema shikamoo kwa mara ya pili. Bibi mmoja wa Hirbadaw, ambaye mjukuu wake alikuwa anasoma kwetu, akatuma ujumbe mrefu wa kutuuliza habari za mifugo, mvua, na mguu wa baba, akidhani ni utaratibu mpya, na mama akamjibu kila kitu.

Nilikaa chini pale mlangoni. Tangu mwezi wa sita grupu lile kwangu lilikuwa kitu kimoja kikubwa chenye meno. Sasa nilikuwa nasikia majiko. Nilisikia jiko la kila mmoja, moshi wake, mama yake, na nikaona kwamba kila aliyenicheka alikuwa amejificha kwenye koti la mtu ambaye hakuwa anajua. Mama hakumtukana mtu. Alifungua milango tu, na watu wazima wakatokea. Niliutazama mgongo wake pale dirishani, mwanamke anayesoma herufi moja moja, na nikaogopa kidogo, ule woga mzuri wa kanisani.

Aliyebaki kimya ni Jesca. Wengine wote niliwajua kwa sauti, yeye hakutokea. Mama hakumtaja. Kesho yake akajaza kibuyu maziwa ya mgando, akanituma nikayapeleke kwa baba Jesca, majirani wageni hawana ng'ombe. Nikamwambia siendi. Akasema basi atakwenda yeye, na kazi ya kukamua jioni nitabaki nayo mimi, na yule ng'ombe mwekundu ananijua kwa mateke. Nikaenda.

Sebule yao ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, televisheni inaongea peke yake. Mama Jesca alikuwa upande mmoja, simu karibu na uso, anafuatilia tamthilia. Mdogo wake Jesca alikuwa chini na simu nyingine ya mama yake. Baba yake alikuwa kwenye kochi kubwa anatazama watu wanaanguka: mlevi kwenye mtaro, bibi harusi kwenye ngazi, na kila mmoja akianguka yeye anacheka kwa nguvu, kidole kinasogea, anaituma kwa wenzake. Niliamkia mara mbili. Mara ya pili mama Jesca akasema marahaba bila kuinua macho. Jesca alikuwa amekaa mkono wa kochi la baba yake, ananitazama kama mtu aliyeona askari. Baba yake ndiye aliyenitambua. Uso ukamwangaza, tena kwa furaha ya kweli, hakuwa na ubaya hata kidogo.

"Si wewe yule wa redio? Yule wa ukungu? Hebu rudia kidogo." Na simu ikainuka.

Nilisimama na kibuyu changu. Kile kijicho cha nyuma ya simu kilikuwa kinanitazama. Kisha mkono wa Jesca ukapita mbele ya baba yake, ukalifunika lile jicho. Kiganja chote.

"Baba, acha."

Baba yake akamgeukia. Sitasahau alivyomtazama, kama vile mtoto huyo ameingia sasa hivi kutoka safari. Televisheni ikaendelea. Jesca akachukua kibuyu mikononi mwangu, akakiweka mezani, akanisindikiza nje.

Tulitembea mpaka kwenye mibuni ya jirani ndipo akaongea, akiwa ametazama miguu yake. Aliniambia kwamba yeye hakuiweka kwenye grupu kwanza. Alimwonyesha baba yake. Baba yake akirudi kazini haongei na mtu, anakaa na simu, na njia pekee ya kukaa karibu naye ni kumletea kitu cha kuchekesha. Hapo anakuita njoo, njoo nione, anakupa nafasi kwenye kochi. Kwa hiyo alikuwa anazunguka kijiji kizima na ile simu akitafuta. Ya kwangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Baba yake aliirudia na kuirudia, akamkumbatia, halafu akaituma kwa rafiki zake, watu wazima, na mmoja wao ndiye aliyeiandikia lile jina. Ilivyorudi ikiwa imeshaandikwa, Jesca akaona kama imepewa ruhusa. Akaiweka.

"Nilijua unaumia," akasema. "Lakini alikuwa ananiita kila jioni."

Nilikuwa nimekuja na hasira yangu imekunjwa vizuri kama zile nguo za Babati, na sasa sikujua niipeleke wapi. Nikamwambia mama anasubiri kuamkiwa. Ni hayo tu niliyoweza.

Alikuja Jumamosi, kwa miguu, tumekaa jikoni tunakula kande. Akapiga magoti mlangoni, akaamkia. Mama akaitikia, akamwambia asogee, moshi unampiga. Jesca akaanza kueleza yote tena, analia, mama akamwacha mpaka mwisho, kisha akamuuliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea.

"Baba yako alicheka wapi hasa?"

"Pale kwenye ukungu."

"Hata mimi nilicheka pale," mama akasema. Akamtazama kidogo. "Basi ni mtu anayejua kucheka. Simu iweke kikombeni, tule."

Jesca akaitoa ile simu yake ya kumeremeta akaitia mle, juu ya simu ya mama, na zikakaa pamoja zimebanana kama kuku wanaotaga. Ziliponguruma kwa pamoja, kikombe kilitoa sauti mpya kabisa, tukacheka wote, na nikasikia cheko langu mwenyewe katikati ya mengine nikashtuka. Sikuwa nimelisikia tangu mahindi ya mbegu. Toka siku hiyo Jesca akawa mtu wa kwetu Jumamosi. Baba yake alikuja kumchukua mara moja, jioni, akasimama nje na pikipiki. Mama akamwita ndani, akamwonyesha kikombe kwa mwiko, akamwambia hapa kwetu simu zinakaa humo. Alisita, kisha akaitia. Alikula kande sahani mbili na akazungumza na baba mambo ya dawa za kuogesha mifugo, na Jesca hakuondoa macho kwake. Sisemi alibadilika. Mwaka uliofuata walihamishwa, na Jesca anasema kule baba yake alirudi kwenye kochi. Lakini jioni ile tuliiona wote.

Nguo nikazikunjua. Sikukuu ya mavuno nikatangaza: kwa Mama Dahaye, maharage debe moja, kwa mzee wa kanisa, kondoo dume ambaye hajafurahi kuletwa. Watu wakacheka pale nilipotaka wacheke. Utangazaji wa redioni bado sijaufikia, shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini harusi ndogo ndogo za Haydom wananiita nishereheshe, na ndoto bado naitunza, haijachacha.

Nilirudi Haydom na kikombe kwenye kapu. Jesca alikataa kukichukua, akasema mwenye jiko ni wewe. Nyumba yangu mtandao umejaa kila chumba, nikaona sina kazi nacho, nikakiweka juu ya kabati. Wiki ile ile, pale stendi, basi la asubuhi likashusha wagonjwa wanaokwenda hospitali, na mama mmoja mzee mwenye mguu uliofungwa bendeji akateleza kwenye ngazi ya basi akakaa chini na mizigo yake. Nikakimbia kumwinua. Nilipogeuka, Noela alikuwa amesimama karibu na meko, ameinua simu yangu kwa mikono miwili, ameielekeza kwetu. Alikuwa anacheka kidogo, si kwa ubaya. Na alikuwa hamtazami yule bibi. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, aone kama nami nacheka. Usiku uliopita, nikiwa na simu hiyo hiyo, nilikuwa nimemwita njoo, njoo uone, mtu ameanguka na keki.

Nilimpokea simu, nikamwambia amwamkie bibi, akamwamkia. Nikampa bibi chai.

Mchana, Noela akiwa shule na chapati zimeisha, nilifunga mlango. Nikakishusha kikombe, nikakifuta kwa kanga. Nikatafuta mahali ukutani, penye dirisha la jikoni, usawa wa bega langu, ingawa mtandao hauhitaji. Msumari wa kwanza ulipinda kwenye saruji, wa pili ukaingia. Nikakitundika. Nikaitia simu yangu humo, ya kwanza, nikarudi nyuma nikasimama. Haikuchukua muda ikanguruma, na ule mlio ukajaa jiko zima, nami nikaanza kupangusa mikono.